Waliozaliwa Congo, wakalelewa ng'ambo: cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwafikisha kwa familia, wakijua kukisoma

Watu wengi waliozaliwa Congo na kupelekwa Ulaya au Marekani wakiwa wadogo wamebaki na karatasi moja tu inayowaunganisha na nchi hii: cheti cha kuzaliwa. Wengine walikikuta ndani ya bahasha ya wazazi waliowalea, wengine katika ofisi ya mji fulani wa Ubelgiji, Ufaransa au Italia. Wakishakuwa watu wazima, wanaanza kuuliza: mama aliyeandikwa hapa yuko hai? Na pale palipoandikwa « baba hajulikani », je, ni kweli hakujulikana?

Mara nyingi mtu anaanza na jina la mama, analitafuta kwenye Facebook, anakosa, anakata tamaa. Lakini jina la mzazi ndiyo sehemu ya cheti inayoharibika upesi zaidi. Linaweza kuandikwa vibaya, kubadilishwa, hata kubuniwa. Mahali, tarehe, nambari ya cheti na jina la aliyetoa habari ni vigumu zaidi kuvificha, na utafutaji mwingi unaofanikiwa unaanzia hapo.

Vyeti viwili kwa mtoto mmoja

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mtoto aliyeasiliwa, yaani aliyechukuliwa kisheria kuwa mtoto wa familia nyingine, anaweza kuwa na vyeti viwili. Nchini Ufaransa, kwa mfano, baada ya kuasiliwa kikamilifu mtoto huandikwa upya katika vitabu vya ofisi ya Nantes, inayoshughulika na raia waliozaliwa nje ya nchi. Cheti hicho kipya kinawataja wazazi waliomchukua kana kwamba ndio waliomzaa. Kwa kutafuta ukoo hakisaidii kitu.

Kinachotakiwa ni kile cha kwanza, kilichoandikwa Congo, pamoja na faili yote iliyosafiri na mtoto: hukumu ya mahakama, ripoti ya kituo cha mayatima, karatasi za ubalozi, ruhusa ya kutoka nchini iliyotolewa na idara ya uhamiaji, DGM. Nakala zinaweza kuwa katika ofisi ya serikali iliyosimamia mambo hayo huko alikolelewa. Aliyelelewa Marekani anaweza kuomba faili yake kwa idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, USCIS. Nchini Italia, sheria inamruhusu mtu aliyefikisha miaka 25 kuomba mahakama ya watoto imfungulie habari za wazazi waliomzaa.

Anayeomba nakala huku Congo aombe nakala kamili ya cheti, si muhtasari. Muhtasari unatoa jina, tarehe na mahali tu. Nakala kamili inaonyesha pia nani alikwenda ofisini kutangaza kuzaliwa huko, lini, na ofisa gani aliandika.

Nani alitangaza, na lini?

Sheria ya familia ya Congo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto atangazwe kwenye ofisi ya état civil ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inabidi kwanza kupata hukumu ya mahakama, ile watu wanayoita jugement supplétif, ndipo cheti kiandikwe.

Kwa anayetafuta ukoo, tofauti hiyo ni kubwa. Cheti kilichoandikwa wiki chache baada ya kuzaliwa, huku aliyetangaza akiwa baba, shangazi au muuguzi wa hospitali, kina habari zilizotoka karibu na kitanda cha uzazi. Cheti kilichoandikwa miaka mitatu baadaye kwa hukumu ya mahakama, mwezi uleule ambapo faili ya kumtoa mtoto nchini ilifunguliwa, kina habari zilizotoka kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kukamilisha faili. Haina maana kwamba vyote ni uongo. Lakini tarehe ya kuzaliwa inaweza kuwa ya kukadiria, na maneno « wazazi hawajulikani » yanaweza kuwa yaliandikwa kwa sababu yalirahisisha kazi.

Hatari hiyo imeonekana katika kesi halisi. Nchini Ubelgiji, uchunguzi wa mahakama juu ya watoto waliotoka upande wa Gemena na kupitia kituo kimoja cha Kinshasa ulionyesha, kwa vipimo vya DNA, kwamba baadhi yao walikuwa na wazazi walio hai. Familia hizo zilisema ziliamini watoto wamekwenda likizo tu Kinshasa. Serikali ya Congo yenyewe ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni tarehe 25 Septemba 2013, ikitaja udanganyifu katika faili. Watoto zaidi ya elfu moja walikwama, na wengi wao waliruhusiwa kuondoka tu kati ya mwaka 2014 na 2016.

Kwa hiyo jina la aliyetangaza linastahili kutafutwa sawa na jina la mama. Huenda ni sista, dereva wa kituo, mfanyakazi wa ustawi wa jamii au mjomba. Mtu huyo, au wenzake waliofanya naye kazi, ndio wanaoweza kukumbuka mtoto aliletwa na nani na akitokea wapi.

Hukumu ya mahakama nayo isomwe mstari kwa mstari. Kabla ya kuruhusu mtoto achukuliwe, sheria inataka wazazi wakubali, na kama hawapo, familia iwakilishwe. Ndani ya hukumu kunaweza kuwa na jina la mjomba aliyesimama mbele ya hakimu, au la mkuu wa mtaa aliyethibitisha kwamba mtoto aliachwa. Nambari ya kesi inamwezesha mwanasheria aliye Congo kwenda greffe ya mahakama kuomba faili nzima.

Jina lenyewe linasema

Wanaolelewa Ulaya huzoea kwamba watu wa familia moja wana jina moja. Congo si hivyo. Watoto watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano tofauti, kila moja likitoka kwa babu, bibi, rafiki wa familia au jambo lililotokea siku ya kuzaliwa. Anayetafuta ndugu zake kwa kuandika jina lake mwenyewe kwenye intaneti anaweza kutafuta miaka mingi bila kumpata yeyote.

Lakini jina hilohilo linaweza kueleza jambo ambalo cheti hakikuandika. Kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Kasereka aliyeambiwa kwamba alikuwa mtoto pekee ana sababu ya kuuliza tena, kwa sababu jina lake linasema walitangulia wavulana wawili. Kwa Waluba wa Kasaï, Mbuyi na Kabanga ni majina ya mapacha. Kwa Wakongo wa magharibi ni Nsimba na Nzuzi, na anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Landu. Mtu aliyekwenda Ulaya peke yake akiwa na jina Nsimba anapaswa kuuliza Nzuzi yuko wapi.

Jina pia linaonyesha kabila, na kabila linaonyesha upande wa nchi. Mtoto aliyeandikwa kuzaliwa Kinshasa lakini mwenye jina la Kinande pengine ana wazazi waliotoka mashariki. Kumsomea mzee wa kabila hilo jina hilo, hata kwa simu, kunaweza kufungua njia ambayo ofisi haikuweza kufungua.

Kuna pia mabadiliko yaliyoletwa na siasa. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, watu waliambiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Mama aliyeandikwa Marie au Joséphine mwaka 1958 huenda tangu wakati huo aliandikwa kwa jina lingine kabisa. Baada ya 1990 wengi walirudia majina ya ubatizo. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili au matatu katika karatasi tofauti, na yote yakawa halali.

Mji uliobadilika jina

Majina ya miji nayo yanapoteza watu. Cheti cha zamani kinaweza kutaja Élisabethville, Stanleyville, Albertville, Luluabourg au Jadotville. Leo hiyo ni Lubumbashi, Kisangani, Kalemie, Kananga na Likasi. Costermansville ni Bukavu. Kati ya 1971 na 1997 nchi yenyewe iliitwa Zaire. Tena mwaka 2015 mikoa 11 iligawanywa kuwa 26: mtu aliyezaliwa Kalemie, katika mkoa wa Katanga, leo aandike kwa mkoa wa Tanganyika, na aliyezaliwa Gemena, katika mkoa wa Équateur, aandike kwa Sud-Ubangi. Barua iliyotumwa kwa mkoa ambao haupo tena haijibiwi.

Watoto wa métis: vyeti vya wakati wa ukoloni

Kuna kundi moja ambalo utafutaji wake una historia ndefu zaidi. Ni watu waliozaliwa na mama Mwafrika na baba mzungu wakati wa utawala wa Ubelgiji katika Congo, Rwanda na Burundi. Serikali ya kikoloni iliwachukua watoto hao kwa mama zao na kuwaweka katika misioni, kama Katende upande wa Kasaï, na Save nchini Rwanda, ambako walilelewa na masista. Uhuru ulipokaribia, watoto wapatao 300 wa Save walisafirishwa hadi Ubelgiji na kugawanywa kwa familia na vituo vya huko. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, na wengine walibadilishiwa majina.

Kwa wengi wao cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, au kiliandikwa baadaye na watu ambao hawakuwajua wazazi. Mahali pa baba paliandikwa « hajulikani », hata pale ofisi ya kikoloni ilipomjua vizuri, kwa sababu alikuwa ofisa wake, mfanyabiashara au mfanyakazi wa kampuni ya madini.

Mambo yalianza kubadilika tarehe 29 Machi 2018, Bunge la Ubelgiji lilipopitisha azimio la kuitaka serikali iwafungulie watu hao nyaraka na kuwasaidia kutafuta wazazi. Tarehe 4 Aprili 2019, waziri mkuu wa wakati huo, Charles Michel, aliomba radhi mbele ya Bunge. Kisha Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zilianzisha kazi iitwayo Résolution-Métis, ambayo inachunguza nyaraka za ukoloni na kuwasaidia métis na watoto wao kupata faili zinazowahusu.

Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufani ya Brussels ilikwenda mbali zaidi. Katika kesi ya Léa Tavares Mujinga, Monique Bintu Bingi, Simone Ngalula, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi, wanawake watano waliochukuliwa kwa mama zao kabla ya kufikisha miaka saba na kuwekwa Katende, mahakama iliamua kwamba taifa la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya binadamu. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Wanawake hao hawakuasiliwa Ulaya: waliachwa Congo wakati wa uhuru. Lakini uamuzi huo unawagusa pia waliopelekwa Ubelgiji, kwa sababu unasema wazi kwamba watoto walichukuliwa kwa mpango wa serikali, si kwa sababu mama zao hawakuwataka. Kwa mtu aliyeishi miaka 60 akiamini kwamba mama yake alimtupa, hilo ni jambo zito.

Kitabu cha ubatizo

Wakati wa ukoloni, kuzaliwa kwa Wacongo wengi hakukuandikwa na serikali. Kuliandikwa na misioni. Kitabu cha ubatizo kinataja jina la mtoto, tarehe, kijiji, wazazi na msimamizi wa ubatizo. Kwa watu wa miaka hiyo, ndicho cheti cha kuzaliwa pekee kilichopo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa jina lake katika kitabu cha parokia alikobatizwa. Kama mama alibatizwa Moba na miaka kumi baadaye akafunga ndoa Lubumbashi, parokia ya Moba inapaswa kuwa imepata habari na kuiandika. Mstari huo mdogo unaweza kueleza mama alihamia wapi na aliolewa na nani, wakati cheti cha mtoto kinaishia siku ya kuzaliwa tu.

Upande wa mashariki, misioni nyingi zilianzishwa na Mapadri Weupe na Masista Weupe. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila misioni iandike kumbukumbu ya kila siku: nani alifika, nani alikufa, watoto gani waliletwa. Mashirika hayo yana nyaraka zao kuu Roma. Mtu mwenye tarehe na jina la misioni, hata bila jina la mama, anaweza kupata ukurasa wa siku ile.

DNA inasaidia wapi?

Vipimo vya DNA vinavyouzwa kwenye intaneti vimewakutanisha watu wengi duniani, lakini kwa waliozaliwa Congo vina mipaka. Vinalinganisha mate ya mtu na ya wengine waliopima, na wakaaji wa Congo waliopima ni wachache sana. Matokeo ya kawaida ni binamu wa mbali anayeishi Brussels, Paris au Texas. Hata hivyo, binamu huyo anaweza kujua kijiji cha babu. Nchini Ufaransa, anayenunua kipimo cha namna hiyo kwa kujitafutia tu anavunja sheria na anaweza kutozwa faini ya euro 3,750.

DNA ina nguvu zaidi mwishoni mwa safari kuliko mwanzoni. Karatasi zikishamfikisha mtu kwa mwanamke mmoja katika mtaa mmoja, kipimo cha mama na mtoto kinamaliza mashaka. Kinalinda pande zote mbili, kwa sababu wako matapeli wanaowaandikia watu wa Ulaya wakidai kuwa ndugu zao na kuomba pesa za hospitali au shule. Asitume pesa kabla ya uthibitisho.

Mlango usigongwe kwa nguvu

Kumpata mama si sawa na kupokelewa naye. Huenda aliolewa, akazaa wengine, na mume hajui habari ya mtoto wa kwanza. Ujumbe kwenye Facebook wenye picha na jina lake kamili unaweza kumvunjia nyumba. Ni vizuri atumwe mtu wa kati anayejua lugha na desturi: padri, mchungaji, sista au mama mzee wa mtaa. Aende kwanza peke yake, aulize bila kutaja mengi, ampe mama nafasi ya kukubali au kukataa.

Kwa upande mwingine, familia nyingi zilizobaki Congo hazikuelewa kamwe kwamba mtoto amekwenda moja kwa moja. Kumkabidhi mtoto kwa shangazi wa mjini au kwa misioni ili asome ni desturi ya zamani, na mtoto hubaki wa nyumbani. Hata sheria ya Congo inasema aliyeasiliwa anaendelea kuwa na uhusiano na familia alikotoka, wakati sheria za nchi kadhaa za Ulaya zinaukata. Wazazi walitia sahihi kwa maana moja, wageni wakapokea kwa maana nyingine. Ndiyo sababu wapo wazazi ambao, baada ya miaka ishirini, bado wanamhesabu mtoto yule wanapotaja watoto wao.

Familia zinazotafuta

Njia hii inaweza pia kuanzia Congo. Familia iliyompoteza mtoto kwa namna hiyo iandike mambo inayoyakumbuka kabla wazee hawajafa: tarehe au mwaka, jina la kituo, jina la aliyemchukua mtoto, hospitali alikozaliwa, alama mwilini, majina ya ndugu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ihifadhi kadi ya kliniki, picha na nakala ya karatasi yoyote iliyotiwa sahihi, kisha iombe nakala kwa greffe ya mahakama na kwa kituo. Congo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto mwaka 1990, na mkataba huo unataja haki ya mtoto kuwajua wazazi wake na kulinda jina na ukoo wake.

Muda hausubiri. Vitabu vya komini na vya parokia ni vya karatasi, na katika nchi iliyopita vita vingi vingine vimeungua, vimeporwa au vimeliwa na unyevu. Tangu M23 ilipochukua Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kuomba karatasi ya serikali huko kumekuwa kugumu zaidi. Kuhusu watoto wanaozaliwa leo, uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano ndiye aliyeandikishwa, na ule wa 2017-2018 ulikuta karibu wanne kati ya kumi. Mtoto asiyeandikishwa ndiye aliye rahisi kupewa cheti cha uongo siku mtu akitaka kumpeleka mbali. Mzazi aliye ndani ya siku 90 anaweza kwenda leo kwenye ofisi ya état civil ya komini yake na karatasi ya hospitali, aandikishe mtoto kwa majina yake na ya wazazi wote wawili, na abaki na nakala nyumbani.